Sikio la Kushoto

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa magari, na kila mtu anamwita Masikio. Anakuambia uwashe injini, anainamisha kichwa, kisha anakutajia beringi iliyokwisha kabla hajafungua boneti. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa, na mimi nilimtania nayo miaka yote. Sikujua kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu mwaka jana, na kwamba alilificha hata kwa mkewe. Fundi asiyesikia injini, nani atampelekea gari?

Jumapili hiyo tulikwenda kutembea msituni: yeye, dada, binti yao wa miaka saba, mimi, na mbwa wao, Bosi. Kibao cha mlangoni kilitaka kila mbwa afungwe kamba. Mtoto aliishika kwa mikono miwili, ingawa aliyekuwa akitembezwa ni yeye. Kwenye daraja la magogo tukaketi kumenya mayai ya kuchemsha. Tulipoinua macho, mtoto na mbwa hawakuwepo.

Dada akaita. Maji yalivuma chini ya daraja, na katikati ya mvumo huo Bosi akabweka mara mbili. Dada akanyoosha kidole kushoto, kwa shaka. Masikio akainamisha kichwa kama yuko gereji, akasema hapana, ni kulia, bondeni. Hakusita hata kidogo, na nani angembishia Masikio?

Tuliteremka mbio. Njia iliteleza, miba ikanichana mikono, na kila tulipoita hatukujibiwa. Nusu saa ikapita. Chini tukakuta korongo lenye maji ya kasi. Masikio alikuwa akigeuza kichwa huku na huku. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamuuliza kwa ukali kama ana hakika.

"Sisikii," akasema.

Dada akamjibu kwamba hata sisi hatusikii, tusonge mbele.

"Mama watoto, hunielewi. Sikio la kushoto limekufa, mwaka mzima sasa. Kila sauti naiona inatoka kulia."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maradhi yalikuwa yake, na kifo kilikuwa kinamnyemelea mtoto, na nilitamani kumzaba kofi. Dada aligeuka akaupanda mlima kwa mikono na miguu, mpaka darajani, akakata kushoto, nasi tukihema nyuma yake.

Hatukwenda mbali. Juu kidogo ya daraja, nyuma ya kichaka, mtoto alikuwa ameketi chini, mzima. Bosi alikuwa amemvuta akikimbiza tumbili, kamba ikajisokota kwenye mizizi, naye akakataa kumwacha mbwa peke yake. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita.

Dada alimbeba akalia. Masikio akapiga magoti mbele yao, akafungua mikono. Mtoto akabaki shingoni kwa mama yake.

"Nilikuwa nawaona, baba," akasema. "Nilikuita, ukainamisha kichwa ukanisikiliza. Halafu ukawachukua mama na mama mdogo, mkaondoka."