Choki ya Kasulu, Joto la Ziwani

Iko asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mguu wangu wa kulia unaanza kuchezacheza wenyewe, nashindwa kukaa.

Na leo mmenikumbusha ninyi vijana wa hapa Gungu. Kukipambazuka tu mnawasha pikipiki chini ya dirisha langu. Injini haijashika vizuri, mmeshaivutia resi mpaka vikombe vinagongana kabatini, halafu huyo mtu kaondoka na choki bado kaivuta. Mimi huko ndani nagaagaa kitandani. Natamani nitoke niwapigie kelele, lakini hata subira ya kutafuta kandambili sina. Basi leo nimetoka hivi hivi, pekupeku, na msuli wangu. Kaa hapo juu ya pikipiki yako. Usiwashe kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimefanya kazi ya useremala Kasulu, nikarudi nyumbani Ujiji na pikipiki niliyoinunua kwa bwana shamba mmoja wa kule. Kasulu ni juu, asubuhi baridi inauma vidole. Yule bwana shamba alinifundisha kwa maneno machache: hapa bila choki haiwaki, vuta yote, piga kiki. Nikalishika neno hilo kama lilivyo. Hakuniambia kwamba huku ziwani joto ni jingine, na mimi sikuuliza. Pikipiki mtaani kwetu zilikuwa mbili, moja yangu. Ningemuuliza nani, na uso ningeuweka wapi?

Choki kazi yake ni kuziba hewa kwenye kabureta ili mafuta yaende mengi. Injini iliyolala baridi inayahitaji hayo mafuta mengi, lakini kwa muda mfupi. Ikishapata moto yanakuwa yamezidi, yanailowesha plagi, na plagi iliyolowa haitoi cheche. Basi, ndiyo hayo tu. Lakini nakimbilia mbele. Unaona? Uzee wote huu na bado sijapona haraka.

Asubuhi hiyo mtu alitujia kutoka kwenye boti ya Kagunga, kijijini kwao mama, pwani ya kaskazini. Alileta habari kwamba bibi yangu, mama yake mama, amefariki jana yake magharibi. Wakati huo simu za mkononi hatukuwa nazo, habari zilisafiri na watu. Akasema marehemu aliusia aoshwe na binti yake. Binti huyo ni mama yangu, hakuwa na mwingine. Watu wa Kagunga walikubali kusubiri mpaka alasiri, kupita hapo wasingeweza. Boti ileile ingerudi kutoka pwani ya Kibirizi saa tatu, ifike Kagunga mchana, mama amwoshe mama yake, ndipo wazike. Muda ulikuwepo, mwanangu. Nasema tena, ulikuwepo wa kutosha na wa kubaki.

Nilivuta choki yote, nikapiga kiki, ikawaka inakohoa. Sikungoja ishike. Mama alipanda upande upande na kanga zake, nikaondoka na resi juu. Choki sikuirudisha. Moshi mweusi ukatufuata kutoka Ujiji, watu wanafunika pua, na mimi nikajisemea hiyo ndiyo nguvu ya pikipiki ya milimani.

Tulipofika Mwanga, katikati ya njia, mama aliomba tusimame sokoni anunue sanda na kafuri, asiende kwa mama yake mikono mitupu. Nikazima. Hakukawia, alirudi amekumbatia kitambaa. Injini ilikuwa ya moto, ukiigusa unaungua. Nami nikahakikisha choki imevutwa mpaka mwisho, kama nilivyofundishwa, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Harufu ya petroli ikanijaa puani.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mzee Ruhaga, fundi wa baiskeli na pikipiki, anabandika kiraka kwenye tyubu. Bila kuinuka akaniambia, "Buhoro, kijana, polepole. Hiyo choki irudishe ndani. Umeshalowesha plagi."

"Shikamoo, mzee. Nina haraka," nikamjibu, nikaendelea kupiga.

Ikapita pikapu ya wachuuzi wa dagaa, inaelekea Kibirizi. Mama akainua mkono, dereva akapunguza mwendo. "Yusufu, tupande hii," mama akasema.

"Mama, inawaka sasa hivi."

Akashusha mkono. Ningeweza kukusimulia mengine yote nikicheka, lakini mkono ule ukishuka nauona mpaka leo. Aliniamini mbele za watu wote wale, na pikapu ikaenda zake.

Nikapiga kiki mpaka paja likafa ganzi. Nikaisukuma kuteremka, nikaisukuma kupanda, jasho linaniingia machoni, natukana chuma ambacho hakijanikosea. Mama amesimama kando ya barabara na sanda kifuani. Mara aangalie jua, mara aniangalie mimi. Heri angenifokea.

Mwishowe Mzee Ruhaga alivuka barabara bila kuitwa. Alinisogeza kwa bega. Akafunga koki ya mafuta, akairudisha choki ndani, akafungua plagi. Ilitoka nyeusi, inadondosha petroli. Akaifuta, akaipitishia msasa kidogo, akapiga kiki mara kadhaa plagi ikiwa nje ili yale mafuta yaliyozidi yatoke. Akairudisha, akafungua koki, akapiga kiki. Ikawaka. Hapo mtu hajamaliza kikombe cha kahawa.

"Haya ningeyafanya tangu ulipofika," akaniambia. "Shikamoo umenipa, pikipiki ukaninyima." Kisha akamwinamia mama, akampa pole ya msiba, maana sanda alikuwa ameshaiona.

Niliikimbiza, acha tu. Tulipofika Kibirizi boti ilikuwa imeshageuza pua kaskazini. Haikuwa mbali. Ulikuwa unaona mpaka rangi za kanga za abiria. Mama alishuka kabla sijasimama sawasawa, akaingia ziwani na viatu vyake, maji yakamfika magotini. Akaita kwa nguvu, "Mawe! Mawe!" Hivyo ndivyo sisi Waha tunavyomwita mama. Hakuwa akiita boti. Na injini ya boti ilikuwa na kelele, hakuna aliyegeuka. Mimi nikahangaika pwani nzima nikitafuta mtumbwi wa injini. Wavuvi walikuwa wamelala, wametoka kuvua usiku, na aliyekuwa macho hakuwa na mafuta. Nikarudi kwa mama bila mtumbwi.

Tulisafiri kesho yake. Kagunga tulikuta kaburi, udongo bado mbichi. Mama alikaa chumbani na wanawake waliomwosha, mimi nikabaki nje ya mlango, siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nikamsikia anawashukuru mmoja mmoja. Halafu akauliza, "Maji mliyomwoshea yalikuwa ya vuguvugu? Mama alikuwa hapendi maji ya baridi."

Wakatazamana. Mmoja akasema yalikuwa ya vuguvugu. Sijui kama ni kweli. Na mama pia hakujua, mwanangu, hakujua mpaka naye alipofariki.

Ndani ya boti ya kurudi nilimwomba radhi. Alinishika kichwa akasema, "Nimekusamehe, Yusufu. Ila usije ukaniambia tena inawaka sasa hivi." Alinisamehe kweli, najua, maana mama yangu hakuwa mtu wa kusamehe kwa mdomo tu. Lakini kusamehewa hakukunirudishia ile boti, na hasira yangu ya kila alfajiri, mnayoiita ya uzee, inatoka hapo.

Sasa weka mkono kwenye choki yako. Iguse, usiitazame kwa macho tu. Pikipiki ikiwa imelala baridi, fungua koki, vuta choki, piga kiki bila kuvuta resi. Ikishika, usiondoke. Irudishe choki nusu. Futa kiti, msalimie jirani, uliza aliyeamka mgonjwa anaendeleaje. Resi usiipigepige, injini ya baridi oili haijaizunguka, unaisaga bure. Sauti ikitulia, irudishe choki yote ndani, uiguse tena ndipo uingie barabarani. Siku ya joto hapa kwetu inaweza isihitaji choki kabisa. Ukipeleka abiria Kasulu ukalala huko, asubuhi yake utaihitaji, na kwa muda mrefu zaidi. Uliza watu wa mahali ulipo, usiende na desturi ya mahali ulikotoka. Na ikiwa umeizima sasa hivi na bado ya moto, choki achana nayo. Ikigoma na ukasikia harufu ya petroli, kila kiki unayoiongeza na choki imevutwa unaizamisha. Acha. Funga koki, rudisha choki, fungua resi yote, piga kiki taratibu. Ikikataa, fungua plagi uikaushe.

Na kama yupo mtu pembeni anayejua kuliko wewe, mpe pikipiki. Na kama abiria wako ana shida na limepita gari lenye nafasi, mpandishe hilo gari, ubaki wewe na aibu yako. Aibu utapona nayo. Mimi ya kwangu ingekuwa imeisha kabla ya adhuhuri ya siku ileile, na mama yangu angekuwa Kagunga, amekunja mikono ya nguo yake, anapima maji kwa kiwiko.

Haya, washa. Ngoja ishike. Ngoja, nimesema.

Sasa nenda. Mungu akulinde na mashimo ya barabara hii na haraka yako mwenyewe. Akufikishe kila unapokwenda, na akukutanishe na watu wako wakiwa bado juu ya ardhi.