Mchanga wa Unyayo wa Mama Fransiska

Nilikuwa na miaka tisa hivi, enzi za Mwingereza, siku Bibi aliponituma kwenda kuiba unyayo wa mtu. Wajukuu zangu wakinisikia hudhani natia chumvi. Lakini kwetu Buguruni, ile ya minazi na nyumba za makuti, unyayo uliibwa kweli. Unachota mchanga mtu alipokanyaga, unaufunga kwenye jani, unaondoka nao kabla hajageuka.

Mdogo wangu Shabani alikuwa ndiyo kwanza ametoka arobaini. Siku mama alipomtoa nje, jirani yetu Mama Fransiska, Mmwera aliyehamia na mumewe kutoka Lindi, alimpokea mikononi akamsifu. "Jamani, alivyonona huyu," alisema, bila kutia mashallah. Wao walikuwa Wakristo, labda neno lenyewe halikumjia. Bibi, mzaa mama, alimwangalia kwa pembeni, akamchukua mtoto akaingia naye ndani.

Haikupita wiki, Shabani akaanza kulia kila anapopewa ziwa. Alikuwa anameza mara mbili tatu, anapaliwa, anajipinda nyuma na kupiga kelele mpaka uso unamwiva. Akirudishwa, anakataa. Mashavu yakaanza kumlegea. Mama alikuwa ameshazika mtoto mmoja kabla yake, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa tunaogopa nini.

"Jicho la yule limefunga maziwa," Bibi alisema, na akaanza kazi ya kuyafungua. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu ya kuku, jioni uji tena, na mama haruhusiwi kuinuka mpaka bakuli liishe. Kanga yake kifuani ilikuwa haikauki, na mtoto anazidi kulia. Hatukujiuliza maziwa yaliyofungwa yanamwagikaje. Tulikuwa tumeshaamua mwenye kosa ni nani.

"Zuhura," Bibi aliniita, "mvizie akitoka kisimani. Chota anapokanyaga, usionekane. Tutamfukiza mtoto, jicho limrudie mwenyewe."

Nilionekana. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma yake na jani langu la mgomba alipogeuka na mtungi kichwani.

"Shikamoo," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Unatafuta nini hapo chini?"

Nilijaribu uongo, ukanishinda, nikalia na kusema yote. Nilingoja kofi. Aliutua mtungi. Uso wake ulikuwa umeumia, hilo niliona hata kwa utoto wangu. Kisha akauliza, "Analiaje? Kabla hajashika ziwa, au akishameza?"

"Akishameza. Anapaliwa, mengine yanamtokea puani."

"Basi maziwa yanamzidi, mwanangu. Yanamjaa mdomoni kabla hajameza. Wa kwangu wa pili alikuwa hivyohivyo. Mwambie mama yako akamue kwanza yale yanayoruka. Kisha alale chali, amlaze mtoto juu ya kifua, anyonye akiwa juu. Na huo uji aupumzishe. Usiseme nimesema mie, bibi yako hatakubali."

Nilidhani amemaliza. Akakanyaga mchanga uliolowa kando ya mtungi, akaukandamiza vizuri kwa mguu wake, akainama akauchota mwenyewe, akaufunga kwenye jani langu.

"Mpelekee. Ukirudi mikono mitupu atakutuma tena."

Jioni ile Bibi aliuchanganya mchanga na chumvi na pilipili, akamfukiza Shabani mpaka sote tukakohoa. Alipotoka kumwaga majivu, nikamnong'oneza mama. Hakuuliza nimeyatoa wapi. Alikamua kidogo kwenye kitambaa, akalala chali mkekani, akamlaza mtoto kifuani. Shabani alikohoa mara moja, akatulia, akanyonya. Tulimsikia anavyomeza. Machozi yalimtoka mama yakamwingia masikioni, na hakuinua mkono kuyafuta, asije akamshtua. Uji wa Bibi nilikuwa naunywa mimi kwa siri, ulimi unawaka moto, karibu mwezi mzima.

"Mmeona?" Bibi alisema. "Si niliwaambia ni yule?"

Alilisema hilo na kisimani. Tangu hapo wanawake walifunika watoto wao Mama Fransiska akipita. Ushauri wake mwenyewe ndio uliomtia hatiani, na mimi niliyejua nilikaa kimya. Niliogopa fimbo ya Bibi, na baada ya muda nikazoea kunyamaza. Mwaka uliofuata Mama Fransiska alihamia Chang'ombe na mumewe. Siku ya kuondoka alipita karibu nami na mzigo wake, akauliza tu, "Ananyonya?" Nikaitikia kwa kichwa.

Miaka mingi baadaye binti yangu wa kwanza naye akawa anapaliwa. Mama alikuja kunitazama, akakunjua mkeka. "Lala chali," akasema. "Fanya kama alivyosema Mama Fransiska."

Nilishtuka. "Kumbe ulijua?"

"Mtoto wa miaka tisa ungeyajulia wapi?"

"Sasa mbona hukumwambia Bibi?"

Alikuwa anampapasa mtoto mgongoni. "Nilimwogopa," akasema. "Na nilikuwa nimeshapata nilichokitaka."

Shabani sasa ni babu mwenye kitambi. Nikimwona anakula, namkumbuka mwanamke aliyeuchota unyayo wake mwenyewe ili mtoto wa watu ashibe. Sikuwahi kwenda kumwomba radhi. Kutoka Buguruni hadi Chang'ombe ni mwendo wa saa moja tu, na miguu nilikuwa nayo.