Alama Nyekundu Juu ya Nyumba Yangu

Mwenzenu nilikuta kijiji chetu kimechorwa kwenye karatasi, na nyumba yangu imewekewa alama nyekundu.

Chini yake kuna mwandiko wa binti yangu: "Jumanne, saa mbili asubuhi. Ndege mbili. Piga reli kabla treni haijafika Kigwa. Watu mia tatu."

Jumanne ndiyo siku yetu ya gulio.

Mimi niliishia darasa la saba, ila kusoma najua. Nilisoma mara tatu, nikakaa chini palepale.

Binti yangu anaitwa Apolinaria, ana miaka ishirini na minne. Alisomea kompyuta, kazi hakupata, akarudi hapa Kigwa. Baba yake alishafariki. Ninaye yeye tu.

Wiki ile hata sikumwelewa. Mara anapima reli kwa hatua. Mara simu na Jignesh, mwenye duka la vifaa vya umeme Tabora mjini.

Siku moja nikamsikia uani: "Hapana Jignesh, wasife wote. Wakifa wote haiaminiki."

"Mnaongea nini nyie?"

"Kazi, mama."

"Kazi gani ya watu kufa?"

Akacheka. "Ngoja iishe, nitakuonyesha."

Jamani, nikajua mwanangu kashaingizwa kwenye mambo mabaya.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Badala ya kumsubiri arudi kutoka kisimani, niliipiga picha ile karatasi, nikaituma kwenye grupu la kina mama wa jumuiya. "Tumsifu Yesu Kristo, kina mama. Jumanne msiende gulioni."

Jina la mwanangu sikutaja. Nikajiona mjanja, nimesahau kwamba matangazo yote ya kanisa la kigango chetu anayaandika Apolinaria kwa mkono wake.

Saa moja haikupita, picha ikanirudia kutoka kwa dada yangu Martha, yuko Igunga. "Mmeiona hii? Hameni huko."

Alasiri wakaja askari wawili na Kasimiri, katekista wetu. Yeye ndiye anayebandika matangazo ukutani. Macho yake hayakuniangalia.

Apolinaria alikuwa anapepeta karanga.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, afande."

"Simama twende, na karatasi yenyewe uilete."

Mwanangu aliitazama ile picha kwenye simu ya askari kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi. Nikainamia karanga.

Siku mbili sikula. Kila pikipiki ikikata kona nasema wanakuja kuniambia hayupo tena.

Siku ya tatu Jignesh akanikuta nje ya kituo cha polisi, kakumbatia kompyuta.

"Shikamoo mama. Usilie, twende ndani."

Akaiweka mezani kwa mkuu wao. "Afande, huu ni mchezo wa kompyuta. Watu wanarusha ndege za vita vya zamani. Apolinaria anatunga safari za hizo ndege, mambo ambayo hayakutokea lakini yangeweza kutokea. Yasipoaminika, hakuna anayecheza."

"Reli yetu inahusikaje?"

"Afande, umeigeuza hiyo karatasi?" akauliza Apolinaria, walikuwa wamemtoa mahabusu.

Akaigeuza. Nyuma kumeandikwa: "Mwaka 1916, vita ya Mjerumani. Treni imebeba wapagazi mia tatu waliokamatwa kwa nguvu. Kama ndege zingewahi?"

Mimi sikuwa nimegeuza.

"Rubani akiikata reli mbele, treni inasimama, wapagazi wanakimbia," alisema mwanangu. "Wengine watapigwa risasi. Wote wakipona itakuwa hadithi ya watoto."

"Na hii alama nyekundu?"

"Kwetu. Baba yake bibi yangu alikamatiwa hapo akabebeshwa mizigo ya vita. Hakurudi. Mama alinisimulia tukichambua karanga. Humu ndani ya mchezo, yeye akifika kwenye alama, umeshinda."

Mkuu akavuta kiti akajaribu. Ndege aliiangusha mara tatu.

"Noma hii," akasema. Akafunga faili.

Tulikuwa tunakaribia nyumbani aliponiita.

"Mama."

"Nini mwanangu?"

"Kwenye ile picha pembeni kuna kidole gumba. Hakina kucha."

Mimi kucha ya gumba langu iling'olewa na mchi, miaka mingi sasa.

"Nilikiona siku ileile. Nikanyamaza. Ningekutaja, wangekuchukua na wewe."

Nilikaa pale njiani nikalia kama mtoto. Yeye akachukua mkoba wangu, akasubiri nimalize.

Apolinaria yuko nyumbani, mchezo wake unachezwa. Lakini picha ile haina anayeweza kuiita irudi. Jana imenifikia tena kutoka kwa mtu wa Bukene nisiyemjua, wameongeza maneno: "Ni Jumanne hii." Kuna watu bado wanamkwepa mwanangu gulioni, na mimi kila nikisikia pikipiki naangalia mlangoni.

Mama mwenzangu, ukiokota karatasi ya mwanao, igeuze kwanza. Halafu mwite yeye, kabla hujashika simu.