Milimita na Herufi za Shemeji

Kazini walimwita Milimita, na jina likamfuata hadi nyumbani. Alikuwa fundi miwani. Alikata na kusaga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka, chumba kisicho na dirisha, na lenzi ikizidi ukubwa kidogo tu aliirudisha kwenye jiwe la kusagia hata kama mteja amesimama kaunta akiangalia saa. Kukataa jambo kulimshinda. Alijua kusema "sawa" na "tutaona," na ndugu wote walishaelewa kwamba "tutaona" yake ni "sawa" iliyochelewa.

Starehe yake ilikuwa vindege vya kurusha kwa rimoti. Kwa miaka mingi alivichonga kwa kisu na msasa, akitumia povu gumu jeupe, lile linalozungushiwa friji mpya ndani ya boksi. Kila mara bawa moja lilitoka nene kuliko jingine, na kindege kikaenda upande kama mlevi. Ndipo akapata michoro ya mashine ya kukatia povu ambayo mtu anajiundia mwenyewe kwa gharama ndogo. Ilimchukua miezi saba: fremu ya plaiwudi, reli za droo za kabati bovu, mota nne ndogo, kompyuta kuukuu ya kuziongoza, na katikati waya mwembamba unaopata moto wa kuyeyusha povu. Kila upande wa waya ulikwenda mwendo wake, kwa hiyo bawa liliweza kuwa pana shinani na jembamba nchani.

Jumamosi moja, katika stoo iliyo ubavuni mwa bafu, mashine ilikata bawa la kulia la kindege cha mita mbili. Dakika kumi na moja. Alipitisha kidole kutoka shina hadi ncha asikute hata mkwaruzo. Akamwita mkewe aje aguse. Mkewe alikuwa na unga mikononi, akagusa kwa kiwiko, akasema ni laini kama shavu la mtoto. La kushoto, alisema Milimita, atalikata kesho.

Kesho yake akaja shemeji, dada mkubwa wa mkewe, mpambaji wa kumbi za sherehe, mwanamke wa mwendo wa haraka asiyekaa kitini mpaka mwisho. Alichungulia stoo, akauliza hicho kidude kinakata nini. Milimita akamweleza. Akauliza kama kinaweza kukata herufi. Milimita, kwa unyoofu wake, akasema herufi ni rahisi hata kuliko bawa. Hapo ndipo alipojiponza.

"Mara moja tu, shemeji," akasema yule dada. "Ni mahafali ya mwanangu."

Herufi zilisimama ukumbini, ndefu hadi kifuani, na wageni wakapanga foleni kupiga picha mbele yake. Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi. Baadaye ikawa miaka hamsini ya mwalimu fulani, kisha harusi mbili kwa siku moja. Milimita alitoka kwenye chumba kisicho na dirisha akaingia stoo, na huko akakata hadi kichwa kikamgonga kwa moshi wa povu. Mabonge ya povu yakajaa stoo, yakahamia korido, yakafika sebuleni. Kwenda chooni ulipita ubavu kama kaa. Punje nyeupe ziling'ang'ania nywele zake, na mwenye duka akamwambia, si kwa ubaya, kwamba mteja ameikuta moja ndani ya miwani yake mpya.

Alijaribu kuongea na mkewe. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Mama alipofariki, dada ndiye aliyekuwa akinifunga vifungo vya sare asubuhi. Hakuniambia hata siku moja kwamba amechoka. Nikamwambie nini?"

Milimita akarudi stoo. Akajaribu ujanja: alichomoa waya mmoja nyuma ya mota, akatangaza mashine imekufa. Shemeji hakulalamika. Saa mbili baadaye alirudi na fundi umeme, naye fundi akapiga goti, akatazama, akachomeka ule waya, akamwangalia Milimita. Jioni hiyo Milimita alikata herufi kumi na sita.

Mwezi wa tano walialikwa kwenye harusi ya jirani yao. Walikaa meza ya tatu. Nyuma ya maharusi yalisimama majina yao, kazi ya mikono yake, na chini ya majina ulipita mstari mmoja mrefu wa rangi ya dhahabu, umepinda kidogo juu, bapa chini, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Milimita aliutazama. Mstari ule hakuukata yeye kwa ajili ya harusi. Kijiko kikabaki mkononi.

Shemeji alipita akikagua maua, akamwinamia. "Umeuona mstari? Nimeuokota kwenye mabaki yako. Watu wote wanauulizia."

"Umependeza," akasema Milimita.

Siku tatu hakula vizuri. Mkewe alimbana, naye akamwambia kwamba mstari ule ni bawa lake la kulia. Mkewe akavaa viatu, akaenda kwa dada yake.

Shemeji alikuja Alhamisi. Kwa mara ya kwanza alikaa kitini, akaomba radhi kwa maneno ya kweli, machozi yakimlengalenga. Hakujua, alisema, kwake povu ni povu. Alikuwa amekuja na bonge jipya, zuri, lisilo na ufa. "Likate sasa hivi," akasema. "Nasubiri."

Akasubiri kweli, amesimama mlangoni mwa stoo, maana baada ya bawa zilikuwa zikisubiri herufi kumi na nne za Jumamosi. Milimita akafungua mchoro wa bawa. Waya ukaingia kwenye povu. Dakika kumi na moja zote alisikia pumzi za shemeji na kiatu chake kikigonga sakafu. Bawa likatoka safi kama lile la kwanza. Alilishika kwa mikono miwili.

"Kindege kina bawa moja?" akauliza shemeji.

"Mawili."

Shemeji akatazama simu yake. "Basi la pili tutalikata wiki ijayo."

"Sawa," akasema Milimita.

Akalipeleka chumbani, akaliweka juu ya kabati mahali ambapo mkono wa mtu usingefika kwa bahati mbaya. Akarudi stoo, akafunga mchoro wa bawa, akauliza herufi ya kwanza ni ipi.