Nilivyoupaka Mnara Chokaa

Kisiwa kile sikukipenda, na mtu asinilazimishe kusema nilikipenda. Mimi ni wa Yakobi, pale Njombe, ambako mwezi wa saba unajifunika mablanketi mawili na bado unatetemeka. Mume wangu alinitoa huko mwaka ule ule tuliofunga ndoa, akanipeleka kwenye kisiwa kidogo mbele ya bandari ya Dar es Salaam, alikokuwa mtunza mnara wa taa. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Maji ya kunywa yaliletwa kwa boti, jua lilichoma tangu asubuhi, na kila nilipopiga magoti nilimwomba Mungu aturudishe kwetu. Mume wangu alijua. Alinitania, "Omba tu, mke wangu, lakini Mungu naye anataka meli ziingie."

Kazi ile aliipenda kuliko chakula. Alishuka pwani kama manamba wa mkonge, akafika mnarani kwa jasho lake, hakubebwa na mtu. Mnara ulijengwa na Wajerumani, na yeye aliusimulia kama ukoo wake: nani aliutunza kwanza, ngazi ipi ilibadilishwa, kioo kipi kilipasuka wakati wa vita. Asubuhi alizima taa, akafuta masizi, akasugua shaba, kisha akashusha mapazia kuzunguka kile kioo kikubwa cha taa, maana jua likipenya humo huwasha moto.

Jambo moja alilishikilia: tuzungumze Kiswahili. Watu wa boti walikuwa wakinicheka, naye hilo lilimuuma. Basi nikajifunza, neno leo, neno kesho, mengine kwa kubahatisha.

Mwaka wa pili homa ikamwangusha. Sisi watu wa baridi malaria hutuonea. Na mkaguzi wa bandari alikuwa anakuja baada ya siku tatu, mnara haujapakwa chokaa, chumvi imeubabua. Jioni alijikokota kwenye ngazi za ndani kwenda kuwasha taa, nimemshika kiuno, kisha anarudi kitandani. Nikamwambia, "Baba, lala. Kupaka kuta ni kazi yangu." Na kweli, kwetu wanawake ndio hupaka nyumba udongo mweupe Krismasi ikikaribia, na ukuta wangu majirani walikuja kuutazama. Akakubali. Akasema kwa sauti ya homa, "Paka. Ila mkanda usiuguse."

Mkanda niliujua. Nyumbani ulikuwa mmoja tu, ule wa ngozi wa sare yake, umening'inia kwenye msumari. Nikashangaa kidogo: nani atashika mkanda wa mtu kwa mikono ya chokaa? Wanasema kuuliza si ujinga. Sikuuliza.

Siku mbili nilishinda juu ya ngazi na brashi ya katani. Mnara ulikuwa mfupi, si wa kutisha. Katikati ulizungukwa na rangi nyekundu, imefifia, imechubuka. Nikaona ni uchafu wa zamani. Nikaifunika mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikatoweka. Nikashuka nikautazama mnara, mweupe wote kama kanisa letu siku ya Pasaka. Nilijisifu, nisiseme uongo.

Kesho yake mchana meli ikasimama nje ya mlango wa bandari, ikapiga honi, haikuingia. Mchana taa haina kazi. Nahodha huutambua mnara kwa rangi zake, na mnara wetu aliutambua kwa ule mviringo mwekundu, ambao watu wa kazi ile waliuita mkanda. Bila huo hakujua yuko wapi. Mume wangu alinieleza hayo akiwa ameshika mlango asianguke.

Boti ya mkaguzi ikafika, naye uso umemwiva kwa hasira. Akauliza nani amepaka. Nilifungua mdomo, lakini mume wangu akanitangulia: "Ni mimi, bwana. Homa ilinichanganya." Akaachishwa kazi pale pale, tukaambiwa tuondoke na boti ya Jumamosi.

Nilimweleza nilivyolielewa lile neno, nikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kibena, lugha yetu ya nyumbani, nisipate pa kujificha: kweli hukujua? Nikasema kweli. Akasema, "Haya." Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka aniamini. Alikuwa amekubali kupoteza kazi yake kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiomba kila siku turudi.

Tulipanda treni mpaka Dodoma, halafu malori, tukapita Iringa, vumbi mpaka kwenye meno. Hakunigombeza. Aliniachia mahali pazuri pa kukaa, akanigawia mkate wake. Nikaanza kupumua, nikasema moyoni, ameniamini.

Makambako tulifika asubuhi. Siku hizo palikuwa njia panda tu na vibanda vichache. Dereva akasimama kuongeza maji kwenye rejeta, nami nikashuka. Upepo wa kwetu ukanipiga usoni, ule wa baridi wenye harufu ya majani mabichi, na kabla sijajizuia nilikuwa nimefumba macho, nacheka peke yangu. Nilipofumbua, mume wangu alikuwa juu ya mizigo, ananitazama. Nikaona lile swali lake la kisiwani limemrudia machoni. Akageuza uso upande wa barabara, na habari za mnara hatukuzizungumza tena mpaka nilipomzika.