Ufunguo wa Jiko la Parokia

Darlene Kuchenbecker, mjane wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ndiye aliyeshika ufunguo wa jiko la parokia yetu hapa Wisconsin, Marekani. Kila Ijumaa ya Kwaresima mji mzima hula samaki wa kukaanga ukumbini, na watoto wa kipaimara hupeleka sahani mezani.

Mwaka ule Roland Wojta alitoka gerezani. Alikuwa amemnajisi mmoja wa wabeba sahani hao. Sheria ilimkataza kazi yoyote penye watoto, hata ya kujitolea. Lakini Roland ndiye aliyekuwa mkaangaji wetu, na tangu akamatwe hakuna aliyeweza kukoroga rojo la unga na bia la kuchovyea samaki kama lake. Tumbo halina kumbukumbu: watu wakaanza kutaka arudishwe jikoni.

"Atakuwa huko nyuma kwenye mafuta," alisema Bernice, shoga yake Darlene tangu utotoni. "Nani atamwona?"

"Watoto wanachukulia wapi sahani, Bernice? Juu ya paa?"

"Basi wabaki nyumbani."

"Yaani tufukuze watoto tumpishe yeye?"

"Ala! Mtu kamaliza kifungo chake. Wewe umekuwa hakimu lini?"

"Hakimu sijawa. Nina ufunguo tu."

Padri alimwomba autoe kwa ajili ya amani. Darlene akatikisa kichwa. "Mkivunja mlango, baba, nitawapigia polisi."

Nasema wazi kwamba hakukosea. Kumsamehe mtu ni jambo moja, kumfungulia jiko ni jingine. Roland mwenyewe hata hakuwa ameomba kurudi.

Ijumaa iliyofuata Bernice na wenzake wa jikoni hawakutokea. Darlene alikaanga peke yake. Rojo lilikuwa zito, na samaki wengine waliungua.

"Mama Darlene, huyu samaki au soli ya kiatu?" mtu alipaza sauti, ukumbi ukacheka. Walikula, wakaondoka bila kumuaga.

Mwishoni aliingia Joan Prahl, mama wa yule mtoto. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya kesi. Alikaa karibu na mlango bila kuvua koti, akala, akatoka. Hakusema asante.

Darlene alipokusanya vyombo aliikuta sahani ya Joan tupu. Hata ngozi iliyoungua ilikuwa imeliwa. Aliiosha, akazima taa, akafunga jiko, akarudi nyumbani peke yake.