Soksi Nyeupe za Jirani

Jirani yangu hufua soksi zake za baiskeli kwa maji baridi, amezipindua, kisha huzianika kivulini bila kuzikamua. Siku moja sokoni nilimkuta akipitisha mshono wa soksi nyeupe kwenye midomo yake, taratibu, macho ameyafumba, akitafuta panapokwaruza.

“Mzee, unanunua au unachumbia?” muuzaji akamtania. “Na kwa vumbi letu hili, si uchukue nyeusi?”

Akacheka. “Nina kisukari, mama. Miguu haisikii kitu. Nyeupe ndiyo itakayoniambia nikichubuka.”

Jioni, ukungu unaposhuka kutoka Machame, naye hushuka nao. Huegemeza baiskeli, huketi mlangoni, huvua soksi na kuziinua kwenye mwanga, akitafuta doa. Nami, nyuma ya ua wa masale, hubana pumzi mpaka nimsikie akipiga mluzi.